Jumanne Matroni Hajipaki Mafuta

Wasichana wa bweni walijua siku kwa kutazama miguu ya Matroni. Ikiwa inang'aa, ilikuwa siku ya kawaida. Ikiwa imepauka, nyeupe magotini kama ya mtu aliyetoka kupura mahindi, ilikuwa Jumanne au Ijumaa. "Leo Matroni ni mkavu," walinong'onezana kwenye foleni ya uji. Yeye aligeuka, akawatazama, na foleni nzima ikanyamaza. Kwa baridi yetu ya Meru, ambako mwezi wa saba midomo hupasuka ukicheka, mtu anayeacha mafuta kwa hiari yake alionekana amechanganyikiwa kidogo.

Nilikuwa mwalimu wa Biolojia katika shule hiyo ya wasichana, na nilifanya kazi naye miaka mingi. Jina lake sitaliandika. Hata shuleni hatukulitumia. Alikuwa Matroni kwa wanafunzi, kwa walimu, kwa mlinzi wa lango, hata kwa mama aliyetuuzia ndizi nje ya ua. Yeye ndiye aliyeamsha mabweni, akakagua vitanda, akagawa dawa za kichwa na za tumbo, na akajua ni nani analia chini ya blanketi na kwa sababu gani.

Alikuwa mkali kuhusu nguo. Alitembea na rula ya mbao, na msichana aliyepandisha pindo la sketi alisimamishwa ukutani, akapimwa kutoka gotini, kisha akapewa sindano na uzi alifumue pindo na kulishona upya mwenyewe hapo hapo. "Sketi ya shule haina fasheni," alisema. Hata sisi walimu wa kike tulijitazama kwanza kabla ya kupita mbele ya mlango wake.

Ndiyo maana siku niliyojua siri ya miguu mikavu nilikaa chini.

Tulikuwa tukiosha vikombe baada ya mkutano wa walimu. Alikunja mikono ya sweta, nikaona ndani ya mkono wake, juu ya kiwiko, alama za bluu na zambarau. Alipoinama kuokota kijiko, nikaona nyingine nyuma ya goti. Mume wake alikuwa amekufa zamani, lakini niliwaza kwamba huenda kuna mtu mwingine, na mtu huyo ana mkono mbaya. Nilifunga mlango wa jiko.

"Matroni, nisamehe nikiuliza. Nani anakupiga?"

Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika sinki, akajifuta macho kwa taulo la vikombe.

"Chuma," akasema. "Ni chuma kinanipiga, Madam. Na mimi ndiye humfuata kwake."

Akaniambia. Mjini, pale Makutano, kuna jimu ndogo iliyo juu ya duka la chakula cha ng'ombe. Ndani yake kuna milingoti miwili ya chuma, kutoka sakafuni hadi darini, na msichana mmoja wa Nkubu aliyejifunza kazi hiyo Nairobi huwafundisha wanawake kupanda, kujizungusha, kuning'inia kwa miguu na kugeuka kichwa chini. Dansi ya mlingoti. Matroni wetu, mwenye rula, alikuwa akienda huko mara mbili kwa wiki.

"Na mafuta?" nikauliza.

"Ukijipaka mafuta unateleza kama samaki. Chuma hushikwa na ngozi kavu."

"Kwa hiyo unavaa..."

"Kaptula," akasema, akasimama wima. "Fupi. Suruali ndefu inateleza. Usinitazame hivyo. Pale si bwenini."

Nilikwenda kumwona Ijumaa iliyofuata. Harufu ya pumba na molasi ilitufuata kwenye ngazi. Nilishangaa kwanza jinsi alivyopanda ngazi zenyewe: polepole, ameshika ukuta, akitazama kila kidato. Baadaye niligundua kwamba mama huyu aliyening'inia darini kichwa chini hakuweza kusimama juu ya kiti kubadilisha balbu. Alimwita mlinzi. "Kiti hakina pa kushika," alijitetea.

Juu, alivua sketi yake ndefu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya Biblia yake kwenye benchi. Alipangusa mlingoti kwa kitambaa chenye spiriti. Ilikuwa siku ya ukungu, na chuma kilikuwa baridi hadi kikakataa kushikika, kwa hiyo alikikumbatia na kukisugua kwa mapaja na mikono kama anayempasha mtoto moto. Kisha akapanda. Sikuwa nimewahi kumwona mtu wa umri wake akienda juu kwa utulivu kiasi hicho. Miguu ikabana, mikono ikavuta, miguu ikabana tena. Karibu na dari aliachia mkono mmoja, akazunguka kidogo, uso umekunjamana kwa maumivu na furaha pamoja. Hakukuwa na madoido. Kocha alimwambia anyooshe vidole vya miguu, akanyoosha, akasahau, akaambiwa tena.

Maana Matroni hakujua kucheza. Hilo lilinichekesha miaka yote. Kwenye harusi za walimu alisimama kando akipiga makofi nje ya mdundo, na wasichana walipofanya mazoezi ya nyimbo za tamasha aliombwa kwa heshima asijiunge. Mlingotini alikuwa na nguvu za kutosha na mdundo wa kumlaza mtu usingizi. Kocha alimwekea kila aina ya muziki. Mwishowe walikubaliana kuacha redio ya Kimeru ipige inachotaka, hata kama ni matangazo ya vifo.

Niliwahi kumuuliza ni nini kilimvutia. Tulikuwa tukirudi shuleni kwa miguu, mikono yetu ikinuka spiriti. Alisema alipokuwa msichana huko Kangeta, miti ya miraa ya nyumbani kwao ilikuwa mirefu na laini, na kaka zake walipanda kila asubuhi kuchuma. Wasichana hawakuruhusiwa. Walikaa chini, wakachambua, wakafunga mafungu kwa majani ya ndizi. Siku moja wanaume wote walikwenda mazishini, naye akapanda.

"Nilifika juu kabisa," alisema. "Nikaona paa la kanisa la Laare. Ama nilidhani ni la Laare. Halafu shangazi akatokea, akapiga kelele mpaka majirani wakaja."

"Ulichapwa?"

"Kuchapwa si kitu. Mti ule ulisemwa nimeuharibu, kwa kuwa umepandwa na msichana. Baba hakuuchuma tena. Kila nikipita naona majani yake yamekomaa, hakuna anayeyataka, kwa sababu yangu." Alivinusa viganja vyake vyenye spiriti. "Huu wa chuma hakuna mtu wa kuniambia nimeuharibu."

Watu humkumbuka kwa ukali, lakini mimi humkumbuka zaidi kwa wiki yake. Sijaona mtu mwenye kazi nyingi kiasi kile aliyepangilia mwili wake vile. Matroni wa bweni hana saa yake mwenyewe: kengele ya alfajiri ni yake, msichana mwenye homa ni wake, maji yakikatika ni yake. Lakini Jumatatu alikimbia uwanjani pamoja na wasichana wa timu ya mpira wa wavu, nyuma yao, akiwakemea waliotembea. Jumanne ilikuwa mlingoti, wakati wasichana wakiwa michezoni. Jumatano ilikuwa ya miguu: alichuchumaa na kuinuka akiwa amekumbatia mtungi wa maji nyuma ya jiko, mpishi akimuuliza kama amepoteza kitu chini. Alhamisi ushirika wa akina mama kanisani, na mwili ukapumzika. Ijumaa mlingoti tena. Jumamosi alijinyoosha kwenye stoo ya magodoro, mlango umefungwa. Jumapili hakufanya lolote isipokuwa kusali na kulala mchana kama mtoto.

Mpango huo haukuanguka kutoka mbinguni. Mwanzoni aliweka siku mbili za mlingoti mfululizo, akaharibu viganja hadi akashindwa kukamua taulo. Mara nyingine alibeba mitungi siku iliyotangulia mlingoti, akafika kwa kocha vidole vikijifungulia vyenyewe, akashuka kwa makalio. Kwa hiyo alijifunza kuitenganisha mikono na miguu, na kuiachia ngozi siku za kupona. Muda wa kwenda mjini aliupata kwa kubadilishana: msaidizi wake alisimamia wasichana Jumanne na Ijumaa jioni, naye akachukua kazi ya kusimamia ufuaji wa Jumamosi, kazi ambayo hakuna mtu aliyeipenda.

"Siku za wiki ni saba," aliniambia, "na hakuna hata moja inayoitwa Nikipata Nafasi."

Aliniambia hivyo kwa sababu nami nilitaka kuanza. Nilikuwa na mapacha wa miaka mitatu, mume anayefanya kazi Isiolo, na marundo ya madaftari ya kusahihisha. Mgongo uliniuma tangu nijifungue. Nilipanda ngazi za maabara nikihema kama bibi. Lakini kila nilipoifikiria wiki yangu niliona imejaa mpaka mdomoni.

Alinikalisha kwenye magodoro. "Niambie wiki yako. Yote. Usinidanganye."

Nikamwambia. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipofika Alhamisi, nikasema kwamba baada ya vipindi huwa tunakaa kidogo chumba cha walimu na chai.

"Kidogo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka giza linaingia."

"Mnafanya nini?"

"Tunaongea. Tunalalamika."

"Basi usiongeze kitu kwa wiki yako, itapasuka. Toa malalamiko, weka mlingoti. Siku moja tu. Ya pili itakuja yenyewe."

Nilichagua Alhamisi. Mara ya kwanza niliruka, nikashika, nikateleza hadi sakafuni kama ute wa mlenda. Mara ya pili vivyo hivyo. Kwa wiki nyingi nilikuwa mtu wa sentimita chache kutoka chini. Matroni, ambaye Alhamisi hakufanya mazoezi, alikuja baada ya ushirika na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akakaa kwenye benchi kunitazama. Hakunisifu hata mara moja. Siku nilipojibana na kukaa juu, mikono yote miwili imeachia, mapaja yakiwaka moto, nilimtazama nikingoja neno lake.

"Umesahau kupumua," akasema.

Usiku huo mgongo haukuniuma. Nilidhani ni bahati. Baada ya muhula mmoja nikaacha kuiita bahati.

Shida ilikuja kupitia simu. Mwanachama mmoja wa jimu alimrekodi Matroni akigeuka kichwa chini, akaona ni jambo la kujivunia, akaituma kwa rafiki. Video ikasafiri kundi hadi kundi mpaka ikamfikia mzazi, na mzazi akamfikishia Mwalimu Mkuu. Siku ya tatu shule nzima ilikuwa imeiona, hata wasichana, ambao hawakuruhusiwa simu na hadi leo sijui waliiona wapi.

Aliitwa ofisini. Nami niliitwa, kwa kuwa ilijulikana twaenda pamoja. Mwenyekiti wa wazazi alikuwepo, mkulima wa chai mwenye koti zito, ameshika simu mbali na mwili wake kama panya aliyekufa.

"Matroni," Mwalimu Mkuu alisema, "huyu ni wewe?"

Matroni aliomba simu. Aliitazama video yote, bila haraka. Mahali fulani akakunja uso.

"Ni mimi," akasema. "Hapa mwisho nimeshuka vibaya. Goti linapaswa kuja kwanza."

Mwenyekiti aliinyakua simu yake. "Mama, sisi tumekupa wasichana wetu. Unawapima sketi. Sasa wao watasema nini?"

"Watasema Matroni ana nguvu," alijibu. Halafu sauti yake ikashuka. "Mzee, sketi ninayopima ni ya shule. Mimi sikuenda kule na sare. Sikuenda na mwanaume. Nilienda na mgongo wangu, ambao umeinua magodoro ya watoto wenu miaka yote hii."

Waliamua asimamishe mazoezi mpaka bodi ikutane. Nilitarajia atakataa. Alitii. Hilo ndilo lililonishangaza kwake kuliko kupanda: aliweza kutii kabisa, bila kununa mbele ya watu. Lakini nilimwona Jumanne jioni akizunguka uwanja peke yake, akizunguka tu, ngozi yake imepauka. Hakuwa amejipaka mafuta, ingawa hakuwa na mahali pa kwenda.

Kanisani mambo yalikuwa mazito zaidi. Alikuwa akifundisha watoto shule ya Jumapili, na aliipenda kazi ile. Wazee walimwomba apumzike. Mama mwenyekiti wa ushirika, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, alisema hawezi kumhukumu mtu kwa simu. Akataka kuona kwa macho yake. Basi Ijumaa moja, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, akina mama wanne walipanda ngazi zile zenye harufu ya pumba, wakakaa kwenye benchi, mikoba mapajani.

Nilimsihi Matroni avae kitu kirefu kidogo. "Nikivaa kirefu nitaanguka," alisema, "na wataona mtu akianguka." Akavaa kaptula yake ile ile. Akapangusa chuma. Akapanda, akazunguka, akageuka kichwa chini, akakaa hapo huku mishipa ya shingo imemtoka, akashuka, goti kwanza. Alisimama mbele yao akihema, jasho likimtiririka, mapaja mekundu.

Kisha mama mwenyekiti akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Na mgongo hauumi?"

"Uliniuma zamani."

"Mimi wangu nikiinama kuchuma chai siinuki." Akamgeukia mwenzake. "Nilidhani kuna wanaume wa kutazama. Nilidhani kuna kunywa."

Mmoja wao, mdogo kidogo, aliinuka akaenda kushika mlingoti kwa vidole viwili, kama anayegusa pasi kujua kama ina moto. Akajivuta. Hakwenda popote. Wakacheka wote wanne, na kocha akacheka, na mimi nikacheka mpaka nikalazimika kutoka nje nikalie kwenye ngazi.

Sitasema kila kitu kilirudi. Bodi ilimwachia kazi yake na mazoezi yake, kwa sharti la video kutopigwa. Akina mama wa ushirika walimsalimia kama zamani, na wawili wakaanza kuja Ijumaa. Lakini darasa la watoto hakurudishiwa. Wazee walisema bado wanaomba. Waliomba mpaka akastaafu. Jumapili watoto walipoitwa kutoka kanisani kwenda darasani kwao, aliwatazama wakipita, na wale wadogo walimgusa goti. Siku moja tu nilimwona akifuta machozi, akasema ni vumbi. Lakini hakuacha kanisa, wala mlingoti. Nilimuuliza anawezaje kuwapenda watu wale. "Si ni watu wangu," akasema, kana kwamba nimeuliza kwa nini ana masikio mawili.

Alipostaafu alihamia Kanja, Embu, kwenye shamba la marehemu mumewe. Tuliongea kwa simu, kisha mara chache, kisha wakati wa sikukuu tu. Mwaka jana nilikuwa na semina ya walimu Embu mjini. Ilipoisha mapema nikachukua boda boda nikapanda hadi Kanja, na kuuliza tu nyumba ya Matroni. Huko nako walimwita hivyo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akitoa magugu kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa leso shingoni. Alininasa kwa ule mwingine, akanibana hadi nikaguna.

"Bega," akasema kabla sijauliza. "Lilichoka. Daktari amesema nisipande tena. Si kwa sasa. Kabisa."

Nilinyoosha mkono nikaligusa bega lile kwa vidole. Aliuondoa mkono wangu.

"Wee Madam, usinililie. Kuja uone."

Alinipeleka kwenye ghala la zamani la kahawa, jengo la mbao lililoachwa wazi siku nyingi. Katikati ulisimama mlingoti. Fundi wa mageti wa hapo sokoni ndiye aliyeuchomelea, akaukazia kwenye boriti ya juu, na magodoro ya zamani yamepangwa chini. Wanawake watano walikuwa wakivua gambuti mlangoni, wametoka mashambani, majani ya chai bado yamewashika kwenye leso zao. Mmoja alikuwa mkwe wake, Karimi. Mmoja, aliniambia kwa sauti ya chini, alikuwa mke wa mzee wa kanisa la pale.

"Na mzee anajua?"

"Ndiye aliyeleta boriti."

Walipanda kwa zamu. Matroni alisimama chini yao, mkono wake mzima umeinuliwa tayari, akizunguka kadiri walivyozunguka. "Bana! Bana na paja, usibane na meno!" Mke wa mzee alifika katikati, akapiga ukelele wa furaha, akashuka kama mfuko wa mahindi. Wote walicheka, wakampangusa.

Kisha Matroni akanigeukia. "Vua viatu."

"Nimevaa sketi ya semina."

"Karimi, mpe kaptula."

Mkwe wake alitoka mbio akarudi na kaptula ya shule ya mtoto wake, ya kijivu, yenye kiraka. Nilijibana ndani yake nyuma ya mlango. Sikuwa nimepanda kwa muda mrefu, tangu nihamie shule nyingine ambako hakuna mlingoti karibu. Nilipangusa chuma, nikashika, nikabana, nikavuta. Mwili ulikumbuka kwanza, mimi nikakumbuka baadaye. Nilipanda hadi nikagusa boriti kwa kichwa.

Kwa miaka yote nilimtazama mama huyu nikiwa chini, shingo imepinda. Sasa nilimwona kutoka juu. Alionekana mfupi. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimemteleza.

"Unaona nini huko?" akaniuliza.

"Naona nywele zako zimekuwa nyeupe zote."

Alicheka, ule mcheko wake wa sinki, mkono wake mmoja bado umeinuliwa chini yangu.

"Basi kaa hapo kidogo," akasema. "Zihesabu."